Dada, Wanataka Kulifuta Somo Lako

Mpendwa dada,

Jumamosi kamati ya shule inakaa kuamua kama fizikia iendelee kufundishwa kidato cha tatu. Nakuandikia hadharani ili wajumbe wasome kabla hawajainua mikono. Hoja yao ni kwamba shule yetu ya Matsangoni haina maabara, na wewe uliyelimudu somo hilo tumeshakuzika. Mimi ndugu yako ni mwalimu wa historia, wanasema. Darasa lako nimelishika kwa kiburi tu.

Kiburi ninacho, sikatai. Lakini maabara hata wewe hukuwa nayo.

Unaikumbuka siku ile tulipokwenda kijijini Dabaso? Mzee Karisa alikuwa amechonga mtumbwi huko juu shambani, palepale mti ulipoangushwa, na kama ilivyo desturi akaita watu wauvute hadi majini. Ukampelekea darasa zima, nami nikafuata kwa udaku. Wiki nzima ulikuwa umewaeleza msuguano ubaoni. Wakaandika kwamba ni nguvu inayozuia mwendo, wakakariri. Basi walipoambiwa watandike migomba iliyopasuliwa ili mtumbwi uteleze, wakaitandaza kila mahali, chini ya mtumbwi na chini ya miguu yao wenyewe. Wewe uliwatazama, ukawaacha.

Wakashika kamba, wakavuta. Mtumbwi haukutikisika. Wao ndio walioteleza, mgongo chini, miguu juu. Mzee Karisa akakaa kitako kwa kicheko.

"Mwalimu, nilikuomba watu wa kuvuta, umeniletea watu wa kulala."

"Tuwie radhi, babu," akasema Sidi, mwanafunzi wako, tope limemjaa hadi kwenye nywele. "Msuguano tumeuondoa wote."

"Wote?" ukamuuliza. "Na wewe ulitaka kusimama kwa kitu gani?"

Sidi akaitazama miguu yake, kisha bila kutumwa akaanza kuzoa migomba ile upande wa wavutaji. Wenzake wakamfuata. Wakakita visigino mchangani, mmoja akaanzisha wimbo, na wimbo ulipopanda wakavuta kwa pamoja. Mtumbwi ukang'oka, ukaanza kwenda, wakaulizana mbona sasa umekuwa mwepesi. Ukawaeleza, ukitembea kinyumenyume mbele yao, kwamba kitu kilichotulia hudai nguvu zaidi kukiondoa kuliko kukiendeleza. Siku hiyo hakuna aliyekariri.

Wajumbe watasema huo ni mchezo wa shamba, na mtihani hauulizi mitumbwi. Nimesoma historia ya kutosha kujua kwamba watu walipima mwendo wa vitu kwa ubao ulioinamishwa na maji yanayodondoka, kabla ya yeyote kununua saa ya mkononi. Anayemwambia mtoto wa mkulima angoje maabara ndipo afikiri, anamwambia asifikiri kabisa. Na walewale wanaoupigia makofi mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4 kwa sababu unahubiri elimu ya vitendo, ndio wanaotaka kulifunga darasa la vitendo tulilo nalo. Wanieleze hilo wakinitazama usoni.

Sikufichi, hesabu zako zinanitoa jasho. Huamka alfajiri nikasoma, nikawatangulia wanafunzi kwa ukurasa mmoja, na ninapokwama nawaambia nimekwama, tutafute pamoja. Ninapofuta ubao baada ya kipindi, hunijia hamu ya kukuuliza kama nimeeleza sawasawa. Nageuka hata kuutazama mlango. Kisha nakaa kidogo kwenye kiti chako mpaka kengele ilie.

Jumamosi nitaingia kwenye kikao chao, ingawa sikualikwa. Wakinipa nafasi ya kusema, nitasema. Wakininyima, nitasema nikiwa nimesimama mlangoni. Na wakilifuta somo, basi Jumatatu, masomo yakiisha, nitawangoja wanafunzi nje ya lango, pale ambapo kamati haina kura. Nimeshawaambia. Hakuna aliyeniuliza kama tutapata taabu. Wameniuliza walete nini.

Pumzika, dada. Darasa lina mtu.

Ni mimi mdogo wako,
kitinda mimba wa mama yetu