Beleshi Mkononi mwa Fundi

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Nina miaka sabini na moja. Nimezika wake wawili, kaka zangu wote, na makontrakta wanne waliosema mzee huyu hafiki masika. Kwenye bwawa la Mtera nilikuta hakuna ukuta, nikaacha ukuta. Leo naambiwa mimi ni saidia fundi.

Yotham, fundi mwenzangu, kaiona karatasi ya malipo ambayo kontrakta anaipeleka serikalini kila mwezi. Tunajenga zahanati ya serikali, na sheria ya kazi hizo inataka fundi alipwe kama fundi. Sisi mafundi wote tumeandikwa saidia fundi. Basi tunalipwa kama wabeba ndoo, na karatasi inakubali.

Jumatano, 4 Septemba
Nyapara wetu ni mkwe wangu, mume wa Yasinta. Kwetu mtu na mkwe wake hawatazamani usoni, hawatajani jina. Tangu amwoe binti yangu sijalitamka lake. Hapa pia sitaliandika. Kazini maneno yetu anayabeba Anyesi, mama lishe.

Leo kaja na ujumbe. Kesho anafika afisa kazi, kukagua watu na karatasi. Mafundi tufiche miko ya kujengea, tushike mabeleshi. Kesho tu.

Nikasema, mwambie mkwe ukuta haujengwi kwa beleshi.

Akaenda, akarudi. "Anasema anajua. Ila kontrakta akiumbuka, wa kwanza kufukuzwa ni yeye. Na mimi maharage yangu yanaungua kwa ajili yenu."

Alhamisi, 5 Septemba
Nilishika beleshi. Kwa ajili ya Yasinta. Mikono hii!

Afisa ni binti wa Kondoa, anaitwa Mwajabu. Kaniamkia vizuri. Wenzangu wote walimjibu saidia fundi, saidia fundi, kama kasuku. Halafu akafika kwenye kona yangu, akaipitishia kiganja toka chini mpaka usawa wa kichwa. Kauliza nani kaijenga.

Yotham anatazama viatu vyake.

Kona kama ile haijengwi na mtu mwingine Dodoma hii. Nikasema, mimi. Na ile. Na ile kule.

"Sasa beleshi la nini, babu?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

Nikasema nyapara. Kasema manyapara wako wawili, nimpe jina. Mdomo ukagoma. Mkwe alikuwa nyuma ya mashine ya zege, kageukia upande wa pili.

Yotham akanong'ona: "Huyo mzee hata umchinje, hatasema."

Afisa akadhani naogopa. Mimi, kuogopa! Kasema bila jina hayo ni maneno tu. Jumamosi anafunga ripoti. Akipata jina, kontrakta atalazimika kuirekebisha karatasi, mafundi wote walipwe kama mafundi.

Ijumaa, 6 Septemba
Mwiko wangu sijaukuta. Beleshi limesimamishwa mahali pangu. Hakuna aliyenisalimia. Wanaitaka hiyo haki, ila niwaletee mimi.

Jumamosi, 7 Septemba
Yasinta yuko uani kwangu tangu asubuhi. Anapepeta mtama ambao alishaupepeta jana.

Anyesi kaniletea karatasi ya afisa, niandike jina la aliyenipa beleshi. "Mzee, mila imekukataza kutaja. Kuandika haijakukataza. Si unatusumbua kila siku kwamba unajua kuandika?"

Nikaipokea, nikatafuta kalamu.

Yasinta kasema bila kuinua uso: "Baba, ukiliandika, tutakaolala njaa ni mimi na wajukuu zako."

Nikamwambia, nisipoliandika nakuwa saidia fundi mpaka kaburini.

"Huko kaburini wanasoma karatasi za malipo?"

Ulimi wa mama yake huo.

Bodaboda iliyomleta afisa imesimama nje, naye anasubiri. Karatasi iko gotini kwangu. Nimeandika tarehe. Nimeandika jina langu, na mbele yake FUNDI, kwa herufi kubwa. Pale pa jina la mkwe bado peupe.

Mimi si mwongo. Yotham anajua, ingawa kafyata ulimi. Anyesi anajua, yeye ndiye aliyebeba maneno. Na mkwe mwenyewe anajua. Yuko pale nje ya uzio, kanipa mgongo, kwa adabu.