Wimbo wa Pangoni

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo, tena naitanguliza kabla sijasahau, maana hukawii kuninunia. Natumaini kifua kimetulia na kazi inakwenda. Sisi huku tunapumua. Mimi bado niko dobi, chumba cha pasi. Miguu inavimba, lakini ya miguu nimeshayazoea.

Kimashine chako cha muziki kilifika salama. Uliniambia hakitanishinda; mwezi wa kwanza kilinishinda. Kila saa ya chakula nilikaa juu ya mafurushi ya mashuka nikiutafuta kichwani ule wimbo wa pangoni, wa gemu letu la utotoni, na kuupanga upya humo noti kwa noti. Wenzangu wakanibandika jina la Mama Gemu, wakauliza nitaanza lini kupiga kwenye harusi. Niliwaacha wacheke. Ngoma niliipata kwenye ile sauti ya kimashine ya “shhh”, nikaikatakata vipande vifupi. Zile noti tatu zinazokimbizana mpaka sikio linadhani ni moja zilinila wiki mbili nzima.

Nia yangu unaijua. Daktari alisema masikio ya mpwa wako yanafifia, na sauti nyembamba ndizo zitakazotangulia kupotea. Nikataka aushibe wimbo wetu kabla. Kila alipokunja uso, niliushusha wote noti kadhaa, uwe mzito zaidi, nikamvisha tena hedifoni. Anakaa mapajani pangu, anatazama mistari ya noti ikishuka kwenye kioo cha kimashine, na kichwa kinatikisika palepale mshindo unapoangukia. Hakosei hata mmoja. Nikamwambia daktari kwamba anasikia. Akasema kipimo hakisemi hivyo. Nikamjibu kwamba mama ni mimi.

Kaka, sasa niseme. Jumamosi nilikuwa nakunja nguo, yeye kakaa sakafuni na hedifoni zake, anatikisa kichwa kama kawaida. Nikapita, nikaukanyaga waya. Haukuwa umechomekwa. Na kimashine hakina spika, unakijua. Nilichuchumaa mbele yake nikamuuliza taratibu, aone midomo, anafuata nini. Akanionyesha mstari unaowaka kila mshindo unapofika. Nikauliza tangu lini. Akasema tangu zamani, na kwamba anatikisa kwa sababu akitikisa, mimi huwa nacheka.

Na lile la shule nilikudanganya. Nilisema tunasubiri jibu, kumbe lilikuja siku nyingi: walimpa nafasi kwenye shule ya watoto wanaoongea kwa mikono. Nikaikataa, kwa mwandiko huu huu, nikaeleza kwamba mwanangu anafuata muziki. Jumatatu niliomba ruhusa nikaenda. Nafasi ina mtoto mwingine, na mwakani umri wa darasa la kuanzia utakuwa umempita. Nimeacha jina mlangoni kwa bawabu, kwa sababu ofisini hawakulitaka. Sitegemei kitu.

Usiniandikie maneno ya kunifariji; sitayasoma. Hedifoni nyingine usitume. Kimashine sikurudishii, mtoto mwenyewe amekikatalia. Jana alikiwasha, tukakaa pamoja, waya umening'inia tu. Akatikisa kichwa peke yake kidogo, kisha akanigeukia, akaniuliza mbona leo mimi sifuati.

Nikafuata.

Wifi yangu msalimie, na wewe uvae sweta. Hiyo mistari iliyochorwa hapa chini ni ya mpwa wako. Anasema ndio wimbo, nikutumie.

Akuombaye radhi,
Dada yako