Karatasi Juu ya Santuri

Jumapili, 3 Agosti
Bugi la mchana, dansi la santuri na dijei ni mimi, ukumbi wa Mzee Bakari, Kinondoni. Kabla ya watu kuingia nimebandika gazeti juu ya majina ya santuri tatu mpya, kwa gundi ya unga wa ngano. Madijei wa Magomeni wanachungulia mno. Wakijua majina tu, wiki ijayo wanazipiga wao. Nimeanza na rumba mbili, nikachomeka moja ya zile mpya, roki nzito ya magita, kabla watu hawajarudi vitini. Wanne walitoka wameziba masikio. Vijana kama ishirini walibaki wakirusha vichwa. Nimefurahi sana.

Jumatano, 6 Agosti
Baada ya kazi, Temeke kwa Lukasi, fundi wa kuchomea vyuma. Yeye na wenzake wawili wametunga nyimbo sita nzito, za Kiswahili. Gita linanguruma kama mashine ya kusaga. Amplifaya wameiunda wenyewe kutoka redio ya mbao ya baba yake. Hakuna ukumbi unaowataka. Nimewaahidi nusu saa kwenye bugi la tarehe 17, nikapeleka kwenye kamati ombi la kibali chao cha kupiga. Kimbelembele changu hicho.

Jumapili, 10 Agosti
Balaa. Bwana wa kamati ya vibali kaja kukagua, watu wanacheza. Kainua santuri, kaona gazeti. Kainua nyingine, gazeti tena.
"Ndugu, unaficha nini?"
Nikamweleza habari za madijei wa Magomeni. Hata masikioni mwangu ilisikika kama uongo. Akasema hiyo ni kasumba ya kikoloni iliyofunikwa gazeti. Kachukua sanduku zima la santuri, pamoja na rumba. Mjinga ni mimi.

Jumatatu, 11 Agosti
Kibali cha kina Lukasi kimezuiwa kwa sababu yangu. Nimeenda kumwambia. Hakunilaumu, akaendelea kusugua kutu kwenye geti la mtu. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 14 Agosti
Mbele ya kamati, watu watano. Karatasi tayari mezani: nisaini kwamba nitapiga rumba tu na sitaleta bendi ya makelele, nirudishiwe sanduku. Lilikuwa pale pale, miguuni pa mwenyekiti. Miaka sita ya kukusanya. Nilishika kalamu, sitajidanganya humu.
Nikaiweka chini. Nikasema wabaki na sanduku, vijana wapewe siku yao.
Mama Mwanaidi, balozi wetu wa nyumba kumi na mmoja wa hao watano, akauliza vijana wanaimba lugha gani. Kiswahili, mama. Na vyombo? Wameunda wenyewe.
"Sasa kasumba iko wapi hapo? Hizo ni kelele zetu wenyewe."
Mwenyekiti akacheka bila kupenda. Kibali kimetoka, kwa sharti mama awepo ukumbini. Sanduku limebaki kwao.

Jumapili, 17 Agosti
Hakuna santuri, kwa hiyo bugi zima lilikuwa la kina Lukasi. Nyimbo sita, wakazirudia mara tatu. Amplifaya ilitoa moshi, Lukasi akaipiga ngumi, ikanguruma zaidi. Ukumbi ukajaa hadi dirishani. Mama Mwanaidi kakaa karibu na mlango, pamba masikioni, mpaka mwisho. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika waya usichomoke. Wivu umenishika, na fahari pia, siwezi kusema kipi kilizidi.

Jumatatu, 18 Agosti
Sanduku halijarudi. Sidhani kama litarudi. Asubuhi nimekoroga gundi kwa mazoea, ndipo nikakumbuka sina cha kubandika. Nimechukua kartoni, nimeandika kwa herufi kubwa: WACHOMEAJI WA TEMEKE, na majina yao matatu chini yake. Nimeibandika mlangoni kwa Mzee Bakari. Dijei mmoja wa Magomeni kapita, kasimama, kaanza kupapasa mifuko akitafuta cha kuandikia. Nimemwazima kalamu yangu.