Kaburi la Malishoni

Kaka Abeli,

Shikamoo. Nimempa Joha barua hii akuletee huko Gulwe, maana simu zangu huzipokei. Huku mvua imenyesha ya kutosha. Yule mbuzi mwekundu amezaa mapacha, na mwanangu Anyesi ameanza shule. Msalimie wifi.

Nasikia bado una hasira kwamba hatukumzika Mama kule Buigiri, kando ya Baba. Hukuwapo, kaka. Alinishika mkono akasema, "Restuta, mnizike malishoni. Mji unakuja, na penye kaburi hawatathubutu kukata viwanja." Wazee wa mtaa walikubali, kwa kuwa hata wao hawakuwa na njia nyingine ya kuyalinda malisho yale. Tukamlaza pale pale alipokuwa akichuma mlenda.

Wapimaji walikuja wiki iliyopita. Walikuwa na adabu, walivua kofia mbele ya msalaba. Kisha wakafyeka malisho yote kuzunguka kaburi mpaka korongoni, wakasimika mawe ya mipaka. Sikulia. Niliwachemshia chai, nikarudi kupepeta mtama wangu.

Mkubwa wao alinionyesha ramani. Imejaa viwanja kila upande, ila katikati kuna kipande kidogo kimepakwa rangi ya kijani, kimeandikwa eneo la wazi. Nikamuuliza ni wapi hapo.

"Ni pale kwa mama yako," akasema.

Mbuzi sasa nawalisha hapo, juu yake. Kwingine kote hakuna nyasi.

Ni mimi mdogo wako,
Restuta