Baba Asiende Tanurini Leo

Mideva,

Uji uko kwenye thamosi. Mpe baba yako akiamka, na mayai asiongeze chumvi. Viatu vyake vya kazi nimeondoka navyo, asikusumbue kuvitafuta.

Asubuhi nilimkuta bafuni ameegemea ukuta, jasho linamtiririka na maji ni ya baridi. "Ni gesi tu, Mama Mideva," akaniambia, akarudi kulala. Wiki ya tatu sasa ni gesi! Nikachukua ovaroli yake nifue, mfukoni nikapata karatasi ya daktari. Imeandikwa moyo wake hauko sawa, na moshi na joto la kuyeyusha vyuma vinauzidishia shida, asirudi kwenye tanuri mpaka apimwe tena. Tarehe ni ya mwezi uliopita. Chini, msimamizi wao ameandika kwa kalamu nyekundu: "Nimeona. Aendelee."

Nani alimwambia anyamaze? Na mwenzake Wafula, aliyeanguka akafa palepale tanurini mwaka jana wakatuambia ni pombe, hakuwa na karatasi kama hii? Wafula alikuwa mzee wa kanisa, pombe hata kuionja hakuionja.

~~Mwambie nimeenda Muthurwa kununua mboga.~~ Hapana, mwambie ukweli. Nampitia mjane wa Wafula kule mtaa wa Tena, tuende wote kiwandani na karatasi hii. Nataka huyo msimamizi anisomee mwandiko wake.

Kifua kikimbana, usingoje nirudi. Mwite jirani Obonyo awapeleke hospitali na gari lake. Baba atakukasirikia sana. Mwache akasirike, bora yuko hai.

Mama