Kidole Kilichopinda cha Njiwa wa Shaba

Nawasihi wajumbe: nakala hii ya kumbukumbu kamili isitoke mikononi mwenu, isisomwe baa, na mtumishi wa Paroko asiione hata kwa mbali. Ile fupi iliyobandikwa mlangoni mwa halmashauri ndiyo ya watu wote.

KAMATI YA SANAMU YA NJIWA WA VITA, OUDEMEERS
Kikao cha tisa, Jumapili 12 Aprili 1931, saa tano asubuhi baada ya misa, chumba cha juu cha mkahawa wa Bw. Camiel.

Waliohudhuria: Wakili Achiel Roelandts, Mwenyekiti (na mwajiri wa Katibu), Bi. Leontine Baekelandt, mfugaji na muuza njiwa, Bw. Camiel Stevens, Remi Tack, Katibu.
Mwalikwa: Mzee Odilon Verschaeren, mchonga sanamu na medali.
Hakuwepo: Paroko (mafua).

KUMB. NA. 1/31: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao, akakumbusha kwamba sanamu ya kuwakumbuka njiwa waliobeba barua vitani itamiminwa shaba kesho. Bia ililetwa.

KUMB. NA. 2/31: MFANO WA PLASTA
Mzee Odilon alifunua mfano. Mwenyekiti alieleza kwamba huyo ndiye Blauwke, bingwa wake wa mbio, ambaye Katibu alimpeleka kwa Mzee wiki sita zilizopita.

Bi. Leontine alivaa miwani, akaushika mguu wa njiwa. Alisema, "Blauwke wapi! Huyu nilimuuza mimi sokoni, wa kupikwa na njegere. Kidole kimepinda, hiki hapa." Alipoulizwa alimuuzia nani, alimtazama Katibu.

Katibu aliomba kutoka nje kidogo. Hakuruhusiwa.

Katibu alikiri kwamba aliposhuka kwenye treni katika mji wa Mzee, saa tatu na dakika kumi asubuhi, kifuniko cha tenga kilifunguka na Blauwke akaruka kwenye mvua ya mawe. Kwa kuogopa kufukuzwa kazi alinunua njiwa mwingine kwa Bi. Leontine, aliyekuwa akiuza siku hiyo kwenye soko la mji huo huo. Aliongeza kwamba huenda Blauwke aliliwa na mwewe.

Mwenyekiti alisimama. "Mwewe? Mwewe gani wa kumkamata Blauwke? Saa tatu na dakika thelathini na tisa alikuwa bandani kwake! Mvua ya mawe, kilomita thelathini na nane, dakika ishirini na tisa! Saa ya kupimia mbio ninayo!"



Bi. Leontine aliuliza, "Kumbe Achiel, wiki sita zote ulijua?"

Mwenyekiti alieleza kwamba msimu wa mbio ulikuwa unakaribia, na kama angesema, Mzee angemtaka tena ndege huyo kwa wiki tatu.

Bw. Camiel alisema, "Na kijana wa watu akawa anakonda hivi hivi! Nilidhani ni mapenzi."

Katibu alimshukuru Mwenyekiti kwa taarifa hiyo.

KUMB. NA. 3/31: MAELEZO YA MCHONGAJI
Mwenyekiti alitaka mfano uvunjwe. Mzee Odilon aliomba kusema. Alieleza kwamba yeye ni mtoto wa fundi vifungo, alianza kwa kuchonga vifungo, kisha medali, na sasa ana sanamu tisa za hadhara.

"Jenerali wenu pale sokoni ana miguu ya mwokaji mikate," alisema, "maana jenerali mwenyewe alikuwa na matege. Yule Mama wa Chemchemi, shingo ni ya mke wangu, kiuno ni cha shemeji. Mpaka leo hawasalimiani. Na babu yako meya, Bwana Wakili, unayemwekea shada kila mwaka? Kidevu ni cha muuza maziwa. Chake hakikuwepo."

Bi. Leontine alicheka mpaka akavua miwani.

Mzee aliongeza, "Waliokufa vitani hawakuwa mabingwa. Walikuwa njiwa wa njegere. Huyu anatosha."

Hapo hakuna aliyecheka. Bw. Camiel alivua kofia.

Iliamuliwa kwa kura mbili dhidi ya moja (Katibu hapigi kura) kwamba sanamu imiminwe kama ilivyo, na kidole chake.

KUMB. NA. 4/31: MENGINEYO
Mwenyekiti alitaka KUMB. NA. 2/31 ifutwe. Bi. Leontine alisema, "Futa, nami nitaisimulia sokoni." Haikufutwa. Bi. Leontine aliuliza kama Katibu bado ana kazi. Mwenyekiti alijibu kwamba anayo, na afike kesho saa mbili kamili.

Kikao kilifungwa saa saba kasoro robo. Supu ilikuwa inapoa.

A. Roelandts, Mwenyekiti (kwa shingo upande)
R. Tack, Katibu

Mwenye masahihisho asije ofisini kwa Wakili. Agonge dirisha langu la nyuma, Mtaa wa Kinu namba 6, baada ya saa kumi na mbili jioni, au atume njiwa. Njiwa yeyote, ila Blauwke: huyo atampelekea Mwenyekiti.