Kikombe cha kahawa katika funga ya sita

Leo ni Jumanne, saa tano asubuhi, ukungu bado umeufunika mji. Nawel, keti kwanza. Dada yangu Wahiba amenipigia simu akiwa amejifungia bafuni, nyumbani kwa mama mkwe wake.

Unakumbuka alivyokutwa na vidonge vya majira, vile vya kuzuia mimba, mwezi wa Ramadhani? Alisema ni vya kuzuia hedhi ili afunge mwezi mzima. Mama mkwe akamsifu mbele ya majirani. Mama mkwe na mwanawe hawajui kwamba daktari alimwonya Wahiba: mimba nyingine inaweza kumuua. Amewaficha akiogopa talaka.

Leo bibi yule amevikuta tena, chini ya godoro. Akauliza kwa upole, Nawel. Kwa upole.

"Binti yangu, Idi imepita. Hivi navyo ni vya nini?"

Wahiba akajibu upesi: "Nafunga zile siku sita za Shawali, mama."

Bibi akamtazama. "Na kahawa hiyo unayokunywa?"

Kahawa, Nawel. Kikombe kilikuwa mkononi mwake.

"Mwanangu anaomba mtoto wa kiume mwaka wa pili huu," bibi akasema. "Utamweleza wewe, au nimweleze mimi?"

Hakungoja jibu. Amefunga mlango wa nje kwa ufunguo, akampigia mwanawe kazini. Lotfi, mume wa Wahiba, yuko njiani. Wahiba alikimbilia bafuni, akaisikia simu hiyo akiwa humo, akanieleza yote, kisha simu yake ikazimika. Mama yetu yuko kwenye mswala, anamwombea. Kaka anawasha gari. Mimi nimeshavaa viatu.